Usiandike SUNGURA ubaoni, mwalimu, anza na sentensi

Mwalimu, simama hapo hapo. Umesema utaandika SUNGURA ubaoni kwa kwenda chini, uwagawie wanafunzi wako wa kigeni kamusi, kisha kila mmoja atafute neno la kila herufi. Usithubutu. Katika kazi ya akrostiki, yaani shairi ambalo herufi za mwanzo za mishororo huunda neno, hakuna kosa linaloharibu zaidi ya hilo. Umeuliza pia kuhusu kusahihisha na kubandika mashairi ukutani, lakini utabandika nini ikiwa shairi halina kisa?

Tazama kinachotokea, tuseme kwa ngano ya Mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu, na neno lolote lenye L, A au R. Mwanafunzi anataka kusema watoto wakalia. Anafungua kamusi, anakuta "lia" kwenye L, maana kamusi zetu hupanga vitenzi bila viambishi vya mbele. Basi kwenye L anaandika "Lia watoto". Hajasimulia, ameamrisha! Mwenzake anataka buyu lianguke, anaandika "Anguka buyu". Amri nyingine. Wa tatu amepata R, anaona "-refu", anaandika "Refu mbuyu", wakati mti ni mrefu, kamba ni ndefu, na jengo ndilo refu. Kila herufi inamfundisha kosa la upatanisho, tena kosa lililoandikwa kwa rangi na kupambwa maua, ambalo utahangaika kulifuta mpaka mwisho wa kozi.

Wasiokosea hukimbilia majina ya sifa. Wape MBUYU uone: Mrefu, Bora, Upendo, Yai, Uzuri. Yai limeingiaje katika ngano? Limetoka kwenye kurasa za Y, ambazo ni chache mno, kwa sababu Y yetu imejaa kwenye viambishi. "Yakaanguka" na "yakamwagika" huyakuti katika kamusi yoyote.

Wanaoisambaza mbinu hii kwenye semina wananikera kweli. Wameichukua nzima nzima kutoka miongozo ya Kiingereza, lugha ambayo kitenzi hakibebi mtendaji mbele yake, wakaileta kwetu bila kuijaribu hata na ngeli moja. Halafu somo likiharibika, lawama anabebeshwa mwanafunzi: eti hana msamiati. Msamiati anao! Amenyimwa sentensi.

Sentensi kwanza, herufi baadaye. Hata ukisahau yote mengine, shika hilo.

Simulia ngano kwa mdomo mara mbili, kwa paukwa na pakawa yake. Ya Mwalimu Goso inafaa khasa kwa sababu inajirudia: buyu linamwangukia mwalimu, wanafunzi wanamkamata upepo wa kusi, kusi anasema yeye huzuiwa na kikuta, kikuta hutobolewa na panya, panya huliwa na paka, paka hufungwa kamba, kamba hukatwa na kisu, hivyo hivyo mpaka kwa paa. Kamusi zifungwe. Kila mwanafunzi aandike sentensi 8 hadi 10 za kisa, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi. Hapo ndipo mchague neno la kwenda chini, la herufi 4 au 5, litoke ndani ya ngano.

Kisha wageuze sentensi, wasitafute maneno. "Buyu likaanguka" ina B. Igeuze, "Likaanguka buyu", una L. "Kichwani likamwangukia", una K. "Ghafla likaanguka", una G. Sentensi moja imeshatoa herufi nne na kisa hakijavunjika.

Jua pia herufi zenye ukaidi. Kitenzi chenye kiambishi cha mbele kinaweza kuanza na A, H, I, K, L, M, N, P, S, T, U, V, W, Y au Z. Ukiacha amri za ji- kama "jifunze", hakianzi na B, D, E, F, G, J, O wala R, kwa hiyo hizo ziandalie jina, kielezi au kihisishi: Basi, Daima, Ewe, Ghafla, Jioni, Ole, Rafiki. GOSO lina O mbili, usiwape wanaoanza. Ch iwe mshororo mmoja, kwani C peke yake haina neno. Ng' na ny nazo msizikate, hivyo PANYA ni mishororo minne.

MBUYU kwa njia hii:

Mwalimu Goso akisomesha chini ya mti.
Buyu likamwangukia, akafa.
"Upepo wa kusi ndio ulioliangusha," wakasema watoto.
"Yule anayenizuia ni kikuta," kusi akajibu.
Ukuta nao ukalia: "Panya hunitoboa!"

Uangalie mshororo wa mwisho. Katika kisa ni kikuta. Hapa kimekuwa ukuta ili U ipatikane, na "kikalia" lazima iwe "ukalia", "nacho" iwe "nao". Mwanafunzi atabadilisha jina na kuacha kitenzi kama kilivyo. Kaa naye hapo hapo, hata kama dakika zote zilizobaki zitaishia kwenye mshororo huo mmoja.