Ndoo za asali kuchanganyika stoo

Dada, umeuliza kwa nini ndoo za asali hapo Tabora bado zinachanganyika ilhali mna skana. Angalia stika ya msimbo, ile inayosomwa na skana, mmeibandika wapi. Kwenye kifuniko haifai kabisa: vifuniko hubadilishana wakati wa kuchuja, kisha asali ya Sikonge mfumo unaisoma kuwa ya Urambo. Bandikeni ubavuni, ndoo ikiwa imefutwa na kukauka, maana penye asali stika haishiki. Kila ndoo iandikiwe kijiji, tarehe ya kurina, uzito na unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 20 itengeni, inaweza kuchacha. Na muiskani wakati wa kutoa pia! Wengi huskani wakipokea tu, ndiyo maana idadi ya ndoo inayoonyeshwa na mfumo kwenye simu hailingani na zilizopo stoo.