Maswali ya Wasomaji: Kivinjari Kisicho na Kitufe cha Kujisasisha

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaishi Umoja hapa Nairobi. Nilinunua laptopu iliyotumika katika duka moja la mjini, nayo nikaikuta imewekewa Ubuntu badala ya Windows niliyoizoea miaka yote ya kazi. Nimeipenda kwa sababu haisuisui, lakini sasa tovuti ninayoitumia kwa shughuli zangu inaniambia kwamba kivinjari changu, Firefox, kimepitwa na wakati. Nimefungua dirisha linaloonyesha toleo la Firefox na sikuona kitufe chochote cha kusasisha. Kijana wa saiba alinipakulia faili ya Firefox katika kidude cha USB, ila laptopu ilikataa kuifungua. Mpwa wangu naye ananiambia niandike amri katika dirisha jeusi, jambo linalonitia hofu. Nifanye nini, nami sitaki kupoteza nywila na kurasa nilizozihifadhi?

JIBU: Mwalimu, laptopu yako ni nzima, na ulikuwa na haki ya kukitafuta kitufe hicho, kwa kuwa Firefox ya Windows hujisasisha yenyewe kutoka kwa watengenezaji wake, Mozilla. Katika Ubuntu mambo yamepangwa vingine: mfumo endeshi wenyewe ndio unaosakinisha programu kutoka katika hazina yake rasmi ya mtandaoni, na ndio unaoendelea kuzisasisha, kivinjari kikiwa mojawapo. Ndiyo maana dirisha ulilolifungua linataja namba ya toleo tu bila kukupa njia ya kulibadilisha.

Faili uliyopewa saiba ilikataa kufunguka kwa sababu, bila shaka, jina lake linaishia na .exe, yaani ilitengenezewa Windows. Ifute. Nakusihi pia usianze kuzunguka mtandaoni ukitafuta nyingine, kwa maana kurasa zinazodai kwamba “kivinjari chako ni cha zamani, bofya hapa usasishe” ni mtego wa siku nyingi ambao wahalifu huutumia kusambaza programu hasidi. Tovuti halali inaweza kukueleza kwamba kivinjari chako kimechakaa, kama ilivyofanya hiyo unayoitumia, lakini dawa yake uitafute ndani ya Ubuntu, wala si katika kiungo kinachojitokeza kwenye ukurasa.

Kwanza tujue una Ubuntu gani. Fungua “Settings”, kisha utafute sehemu iitwayo “About”, ambayo katika matoleo mapya imo ndani ya “System”. Utaona namba kama 20.04, 22.04 au 24.04. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka na mbili za mwisho ni mwezi, kwa hiyo 22.04 ilitolewa Aprili 2022. Matoleo haya yanayotoka mwezi wa Aprili kila baada ya miaka miwili ndiyo ya kudumu, na kila moja huhudumiwa kwa miaka 5 katika utaratibu wa kawaida. Ninaanza na jambo hili makusudi, kwa sababu laptopu nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa na mfumo wa zamani, na muda wa kawaida wa toleo la 20.04 ulimalizika mwaka 2025. Ukikuta una hilo au la kabla yake, kuhangaika na Firefox peke yake hakutakufikisha mbali. Nakili hati zako zote katika kidude cha USB, uchomeke laptopu kwenye umeme, utafute intaneti isiyo ya kupimiwa kwa sababu utapakua gigabaiti kadhaa, ndipo uufungue “Software Updater” uhamie toleo linalofuata. Kwa kazi hiyo ningependa mpwa wako awe kando yako.

Ikiwa una 22.04 au 24.04, basi Firefox yako kwa kawaida ni ya aina inayoitwa Snap, yaani programu iliyofungashwa pamoja na vitu inavyovihitaji. Ili kuthibitisha, bofya mistari mitatu iliyo juu upande wa kulia wa Firefox, uchague “Help”, kisha “About Firefox”, na uangalie kama pana maneno “Snap for Ubuntu”. Yakiwapo, una sababu ya kutulia, kwa maana programu za Snap hukaguliwa na mfumo mara 4 kwa siku na kusasishwa bila ya wewe kuombwa lolote.

Utauliza, ikiwa ni hivyo, kwa nini yako imebaki nyuma? Nadhani jibu limo katika namna tunavyozitumia laptopu zetu. Mfumo hauibadilishi Firefox ikiwa imefunguliwa. Huahirisha kazi hiyo, hata kwa siku 14, ukisubiri uifunge, na wakati mwingine hukuonyesha ujumbe mfupi wa kukuomba hivyo, ujumbe ambao wengi wetu huufuta bila kuusoma. Sasa, mtu anayefunika laptopu bila kuifunga Firefox, kesho akaifunua na kuendelea pale pale, hajaifunga hata mara moja. Na ikiwa intaneti yake ni ya kuwasha simu kwa dakika chache, asome barua pepe, kisha aizime ili kuokoa bando, mfumo haupati nafasi ya kukagua wala ya kupakua. Mambo haya mawili yakikutana, kivinjari huchakaa mfumo ukiwa mzima kabisa.

Basi funga madirisha yote ya Firefox, uiache laptopu ikiwa imewashwa na kuunganishwa na intaneti kwa muda wa kutosha, na kazi itafanyika yenyewe. Ukitaka kuiharakisha, hapo ndipo lile dirisha jeusi la mpwa wako linapofaa, na sioni sababu ya kuliogopa: ni mahali pa kuuagiza mfumo kwa maandishi, nao hufanya ulichoandika tu. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, uandike mstari huu jinsi ulivyo, kisha ubonyeze Enter:

sudo snap refresh firefox

Utaulizwa nywila, nayo ni ile ile unayoingilia katika laptopu. Kwa kawaida, unapoiandika hapo, hakuna herufi wala nyota inayoonekana, na wanaoanza wengi hufikiri kibodi imeharibika. Endelea kuandika hadi mwisho, ubonyeze Enter. Ukijibiwa kwamba Firefox ina “running apps”, maana yake bado imefunguliwa mahali fulani, ifunge, urudie. Ukijibiwa “no updates available”, tayari unalo toleo jipya kabisa katika hazina ya Ubuntu.

Kuhusu nywila na kurasa ulizozihifadhi, hizo hukaa katika folda yako binafsi, mbali na programu yenyewe, na kusasisha hakuziondoi. Wanaopata mshtuko ni wale wanaopakua Firefox nyingine kutoka tovuti ya Mozilla na kuiweka kando ya ile ya Snap. Firefox hiyo ya pili huanza na folda yake mpya, tupu, na mwenyewe hudhani kumbukumbu zake zimepotea, ilhali zimo salama katika ile ya kwanza. Kisha hubaki na Firefox mbili, siku moja akifungua hii na siku nyingine ile, asijue ni ipi inayolalamikiwa na tovuti. Njia hiyo si haramu, na Mozilla wenyewe wanaitoa, lakini kwa mtu anayeanza siioni faida yake.

SWALI: Ninasoma chuoni, ninaishi Kayole, na laptopu yangu ina Linux Mint, mfumo endeshi ulio ndugu wa Ubuntu. Je, maelezo ya Snap yananihusu? Na masasisho yatakula kiasi gani cha bando?

JIBU: Hayakuhusu, ndugu yangu, kwa kuwa Linux Mint haitumii Snap isipokuwa mwenyewe uamue kuiweka. Angalia alama ya ngao katika upau wa chini, upande wa kulia; ikibofywa hufungua “Update Manager”, ambamo utaiona Firefox katika orodha ikiwa toleo jipya limetoka. Ukipenda kuandika amri, ziko mbili na zinafuatana: “sudo apt update”, ambayo huleta tu orodha mpya ya vilivyomo katika hazina, na “sudo apt upgrade”, ambayo ndiyo inayosakinisha. Wengi huiandika ya kwanza, wakaona maandishi mengi yakipita, wakadhani wamemaliza. Baada ya ya pili, ifunge Firefox na uifungue upya, kwa sababu iliyokuwa wazi bado ni ya zamani.

Kuhusu bando, Mozilla hutoa toleo kuu jipya takriban kila baada ya wiki 4, na marekebisho madogo katikati, kwa hiyo panga angalau upakuaji mmoja kwa mwezi. Firefox ya Snap, ikipakuliwa nzima, huzidi megabaiti 200, ingawa mfumo unaweza kupakua sehemu zilizobadilika tu. Ya Mint ni nyepesi kuliko hiyo, na “Update Manager” hukuonyesha ukubwa kabla ya kuanza. Ikiwa mna intaneti ya bure chuoni, fanyia kazi hiyo huko, na ukiwa na bando dogo uweke tiki kwenye Firefox pamoja na masasisho ya usalama, mengine yangoje.