Nimeacha mawese, mbona mafuta ya damu hayashuki?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Kadutu, Bukavu, na huu ni mwaka wa sita naishi na kisukari cha aina ya pili. Maabara ilinipa trigliseridi, yaani mafuta ya damu, miligramu 410 kwa desilita, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu hivi, asilimia 9.8. Nimeacha mawese na mayai, nala bugali kwa sombe (majani ya muhogo) isiyotiwa mafuta, lakini miezi minne baadaye trigliseridi ni 395. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama, umefunga mlango ambao mwizi hakuupitia. Wengi hudhani mafuta ya damu hutoka chunguni moja kwa moja, ilhali sehemu kubwa ya trigliseridi za mgonjwa wa kisukari hutengenezwa na ini lake mwenyewe.

Insulini haishughulikii sukari peke yake: ndiyo inayozuia mafuta ya akiba mwilini yasivunjwe ovyo, na ndiyo inayokisaidia kimeng'enya kilichomo kwenye kuta za mishipa midogo kuziondoa trigliseridi katika damu. Mwili unapoacha kuitii, mafuta ya akiba humiminika hadi kwenye ini, nalo huyafungasha upya na kuyarudisha katika damu, huku sukari iliyozidi ikiliongezea malighafi. Kwa hiyo 9.8 yako na 410 yako ni ndugu wa tumbo moja.

Bugali la muhogo ni wanga karibu mtupu, na nashuku ulipoondoa mawese uliongeza matonge ili ushibe. Barua yako haisemi unakunywa nini: soda ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, na bia hulisukuma ini kutengeneza trigliseridi hata kwa asiyelewa. Bugali libaki robo ya sahani, nusu iwe mboga, robo iwe maharagwe au sambaza, wale samaki wadogo, za kuchemsha. Yai moja sina ugomvi nalo. Mawese usiyarudishe kwa upawa, maana karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha LDL, yaani kolesteroli mbaya.

LDL yenyewe ni hesabu nyingine, kwani sukari ikidhibitiwa trigliseridi hushuka waziwazi, lakini LDL hutikisika kidogo tu. Kwa umri wako, mwenye kisukari kwa kawaida hushauriwa kutumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, hata kama LDL yake haitishi. Zungumza na daktari wako kuhusu hilo, na pia kuhusu dozi ya dawa zako za sukari, maana penye 9.8 chakula peke yake mara nyingi hakitoshi.

Rudia vipimo baada ya miezi mitatu, ukiwa hujala kwa saa 12 wala hukunywa bia usiku uliotangulia, na uulize mapema kama dawa ya asubuhi uimeze baada ya kutolewa damu. Trigliseridi zikipita 500 kongosho huanza kuwa hatarini, kwa hiyo maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni usiyangojee yapambazukiwe nyumbani.