Mionzi 25, 15 au 5? Na moyo wangu je?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 47, nauza vitenge sokoni Muheza. Wiki sita zilizopita nilifanyiwa operesheni ya titi la kushoto. Walitoa uvimbe na tezi chache za kwapani, titi lenyewe likabaki. Majibu yalisema uvimbe ulikuwa wa sentimita 2, kingo ni safi na tezi hazina kitu. Kemo sikupangiwa, ila nimeanzishiwa vidonge vya homoni. Sasa naambiwa nipigwe mionzi. Hospitali ya kwanza wana mashine ya kobalti, wamesema mionzi mara 25. Ya pili wana mashine mpya, wamesema 15. Mpwa wangu aliyeko Leicester, Uingereza, anasema kwao wanapiga 5 tu, na kwamba mionzi ya protoni ndiyo bora kuliko yote. Jirani yangu naye kaniapia kuwa upande wa kushoto mionzi inakausha moyo. Halafu mimi najiona nimeshapona, uvimbe si umetoka? Nishike lipi?
Mama Vitenge, Muheza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kisu.

Nianze na hilo la mwisho, maana nimewaona wengi wakipotelea hapo. Uvimbe umetoka, kweli. Lakini mbegu ndogo zisizoonekana kwa jicho wala kwa picha zinaweza kubaki kwenye titi, na mionzi inazifuata hizo. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi wa wanawake 10,801 walioondolewa uvimbe titi likabaki. Kati ya 100 wasiopigwa mionzi, 35 saratani iliwarudia ndani ya miaka 10. Waliopigwa ni 19. Humo wamo pia waliokuwa na tezi chafu, kwa hiyo hatari yako wewe ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo mionzi unaihitaji.

Sasa hesabu ya mpwa wako. Hajadanganya. Mionzi hupimwa kwa grei. Ukipigwa 25 unapata grei 50, mbili kila siku. Ukipigwa 15 unapata 40, na kila siku ni mbili na zaidi ya nusu. Ukipigwa 5 unapata 26, zaidi ya tano kwa siku. Anayepigwa mara chache hajapunjwa. Kila kipimo chake ni kikubwa, ndiyo maana jumla inashushwa. Waingereza waliwafuatilia wagonjwa wa 15 na wa 25 kwa miaka 10. Wa 15 hawakurudiwa zaidi, na matiti yao yaliharibika umbo kidogo kuliko ya wale wa 25. Mwaka 2020 wakatoa matokeo ya wagonjwa 4,096 waliolinganishwa 15 na 5: baada ya miaka mitano, kurudi kwenye titi lile lile kulikuwa karibu 2 kati ya 100 kwa wa 15, na hata pungufu ya hapo kwa wa 5.

Mimi nimekaa chumba cha mionzi miaka 26 kabla ya kustaafu, na kwako ningechagua 15. Zile 5 ni nzuri pale ambapo vipimo na upangaji vimenyooka kila siku, kwa sababu kosa la siku moja ni moja ya tano ya tiba yako yote. Na kwa kuwa hujafika 50, huenda wakakuongezea chache mahali uvimbe ulipokuwa. Ukiona 15 zimekuwa 19 au 20 usidhani ugonjwa umezidi.

Halafu mashine. Idadi na mashine ni mambo mawili tofauti. Hata kobalti inaweza kupiga 15, waulize. Kobalti ni madini yanayochoka. Kila miaka mitano na kidogo nguvu yake inakuwa nusu, na mgonjwa analala mezani mara mbili ya muda ule ule wa zamani. Nilikuwa nikisikia nje kwenye benchi, "Leo mashine mbovu, imenichelewesha." Haikuwa mbovu, ilikuwa imezeeka. Tofauti inayokugusa wewe ni ngozi. Nguvu ya kobalti inafika kileleni karibu na juu, nusu sentimita tu ndani. Ile mpya, linaki, inazama sentimita moja na nusu hivi kabla ya kufika kileleni. Mwenye kifua kidogo hasumbuki sana. Mwenye titi zito, kwenye kobalti ngozi ya chini ya titi, pale jasho linapokaa, ndiyo inayochubuka. Wewe wajijua.

Jirani yako anatisha watu, lakini hakuokota hewani. Utafiti wa Sweden na Denmark wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kila grei moja ya wastani inayofika moyoni inaongeza uwezekano wa maradhi ya mishipa ya moyo kwa kama 7 kwa mia ya ule uliokuwa nao tayari. Dawa yake si kuikimbia mionzi. Dawa yake ni pumzi.

Unalala chali, mkono wa kushoto umeupandisha juu ya kichwa. Msemaji wa kwenye spika anasema, "Vuta... shikilia." Mapafu yanajaa, yanausogeza moyo nyuma na chini, mbali na mbavu, na mionzi inapita ubavuni kama mwanga upenyao kwenye upenyo wa mlango. Sekunde 20 hivi, "pumua," kisha tena. Nilikuwa na mama mmoja muimba kaswida, akishikilia 40 bila hata kutikisika, wenzake wakimwonea wivu. Anza leo kitandani: mkono juu, vuta, hesabu. Hospitali ya pili waulize kama wana utaratibu huo, na waulize wastani wa grei utakaofika moyoni mwako. Namba hiyo wanayo kwenye kompyuta. Daktari anayekasirikia swali hilo mshukuru, ulizia kwa mwingine.

Kuna pia ile mionzi ambayo mashine inakuzunguka, picha zake zina rangi nzuri kama kitenge. Inafaa sana tezi za kifuani zikihitaji kupigwa, au kifua kikiwa na umbo gumu. Kwako haina kazi, maana inanyunyiza dozi ndogo ndogo hadi titi la kulia na mapafu. Protoni hapa Tanzania hatuna, na kwa hali yako hakuna faida ya kukuuzisha kiwanja ili uifuate. Mwambie mpwa atume hiyo nauli ikulipie chumba Dar.

Kwa hiyo: hospitali ya pili, mionzi 15, pumzi ya kushikilia. Ikishindikana, ya kwanza na kobalti yao, lakini uombe 15 na uulize moyo utafunikwa vipi. Lililo baya kuliko yote ni kuendelea kusubiri huku ukitafuta mashine ya ndoto. Wiki sita zimeshakwenda.

Mkono wako unapanda? Usipofika juu ya kichwa hawawezi hata kukupiga picha ya kupangia. Simama ukutani, vidole vitambae juu kama buibui, mara tatu kwa siku. Watakuchora vidoti vidogo vya wino usiotoka, usivisugue. Dodoki liweke kando, oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato makali, sidiria ya waya iache, khanga laini inatosha. Wajukuu waendelee kukukalia mapajani, hii mionzi haibaki mwilini mwako.

Na karatasi za maabara, zile zenye saizi ya uvimbe na majibu ya homoni, zitie kwenye mkoba leo usiku. Sina hesabu ya wagonjwa niliowaona wakipanda basi kurudi Tanga kufuata karatasi moja iliyobaki kabatini.