Leseni ya gari haitoshi kuendesha pikipiki ugenini

Ndugu, umeuliza kama leseni yako ya gari pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva vinatosha kukodi pikipiki ukiwa safarini. Havitoshi. Kibali kile ni tafsiri tu ya leseni yako. Hakikupi daraja la leseni, yaani aina ya chombo unachoruhusiwa kuendesha, ambalo huna nyumbani. Kifungue ukurasa wenye picha yako: kuna herufi A, B, C, D na E, na muhuri hugongwa kando ya daraja ulilofaulu tu. Pikipiki ni A. Kama hapo pako wazi, huna ruhusa, hata mwenye pikipiki akikukabidhi funguo bila kuuliza chochote.

Na hapo ndipo ninapokuomba uwe makini sana, maana ukianguka, bima ya safari inaweza kukataa kulipa hospitali kwa sababu hukuwa na leseni halali.

Angalia pia kibali chako kimetolewa chini ya mkataba upi wa kimataifa wa usafiri wa barabarani: Japani inatambua kibali cha mkataba wa mwaka 1949, Vietnam cha mkataba wa 1968. Kichukue kibali kabla ya kuondoka, katika nchi iliyokupa leseni, na utembee na vyote viwili, kibali na leseni.