Usisaini hiyo ripoti kabla hujahesabu magogo

Mkuu, umesema timu yenu inapanga kiwanda cha massa ya karatasi (ule uji wa nyuzi za mbao unaotengenezewa karatasi) cha tani 500,000 kwa mwaka, na unauliza mambo matatu: muandike ajira ngapi, nyumba za wafanyakazi zikae wapi, na maji yatoke wapi. Halafu kule chini umeandika, kama jambo dogo, kwamba malighafi ipo kwa sababu ramani inaonyesha misitu ya kutosha. Hapo nimeshtuka, maana sentensi hiyo niliwahi kuisaini mimi.

Nilikuwa kwenye timu ya mipango ya mkoa. Mshauri elekezi alituletea upembuzi yakinifu wenye ramani ya kijani kila kona. Alichukua hekta zote, akazidisha kwa kasi ya ukuaji, akapata magogo ya kumwaga. Hatukumuuliza miti ina umri gani, ni ya nani, na lori linaifikiaje. Sehemu kubwa ilikuwa miche ya miaka miwili. Mingine ilikuwa kwenye miteremko ambako lori halipandi, au kandokando ya mito ambako hairuhusiwi kukata. Iliyokomaa ilishafungiwa mikataba na wenye viwanda vya mbao. Na ile kasi ya ukuaji aliitoa kwenye shamba la majaribio lililopaliliwa na kutiwa mbolea kama bustani! Alijua. Alilipwa, akaondoka, na hadi leo simu zangu hapokei.

Piga hesabu mwenyewe. Tani moja ya massa ya mikaratusi inakula karibu mita za ujazo 4 za magogo. Ya misonobari inakula 5 na zaidi. Kwenu ni mita milioni 2 kwa mwaka. Lori likibeba mita 40, hizo ni safari 50,000: lori moja kila baada ya dakika kumi, usiku na mchana, mwaka mzima.

Kiwanda chetu kilijengwa hivyo hivyo. Mwezi wa nne wa uzalishaji wake nilisimama kwenye mizani ya getini asubuhi nzima. Yaliingia malori sita. La mwisho lilitoka kilomita 300, magogo yake bado yanachuruzika, na gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tulikuwa tunachoma dizeli kusafirisha maji. Boila, inayotakiwa kuchoma yale maji meusi yanayobaki baada ya kupika mbao ili kiwanda kipate mvuke na umeme wake, ilikosa chakula ikalishwa mafuta mazito. Bei ya gogo ikapanda, viwanda vidogo vya mbao vikafunga. Watu wale waliopoteza kazi hakuna aliyepunguza idadi yao kwenye jedwali letu la ajira.

Hata hizo ajira unazouliza ziko kwenye magogo. Kiwanda cha Äänekoski cha Ufini, kilichoanza 2017, kinaweza kutengeneza tani milioni 1.3 za massa kwa mwaka kwa kutumia mita za ujazo milioni 6.5 za magogo. Kiwanda chenyewe kinaajiri wachache tu. Walio wengi wako msituni na barabarani. Na nyuma yake kuna ushirika wa makumi ya maelfu ya wenye misitu.

Kwa hiyo dai orodha ya kila shamba: umri wa miti, mmiliki, mkataba uliosainiwa, kilomita hadi getini. Kisichokuwa na vyote vinne, kifute. Nitumie orodha hiyo, nitaipitia usiku huu huu.