Jibu: Kikundi cha kompyuta Umoja, wageni wanakuja mara moja halafu wanapotea

Ndugu umeuliza mbona mkutano wenu wa kwanza ulijaa wageni halafu wa pili mkabaki nyinyi wenye kujua peke yenu. Mimi niko kwa kikundi kama hicho huku Eastlands, Nairobi, miaka sasa, wacha nikuambie vile sisi tunafanya.

Mgeni haji kujua RAM ni nini. Anakuja juu Juni 30 inakaribia na hajafaili ritani za kodi za KRA, ama anatafuta kazi na CV yake imebaki kwa mashine ya saiba fulani, sasa ukimkalisha mbele ya projekta saa nzima ukimweleza historia ya kompyuta atakupigia makofi vizuri tu na humuoni tena. Anza na shida yake, hayo mengine yatafuata.

Watu husifu sana Homebrew Computer Club ya California, ile ilianzia kwa gereji Menlo Park mwaka wa 1975 na Steve Wozniak, yule mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikuwa anaenda. Wale walikuwa wanajua kuunganisha saketi tayari, hatuwezi kujilinganisha nao, lakini kuna kitu chao kizuri tumechukua: kwanza kila mtu anasimama anasema ako na nini na anatafuta nini, halafu kikao kinavunjwa watu wanatafutana wenyewe. Sisi tunaweka dada mmoja mlangoni, si fundi, ni mtu mchangamfu tu, anauliza kila mgeni "leo umekuja na shida gani?" anaandika kwa daftari, na kabla mgeni hajakaa tayari ameshapewa mtu wa kukaa naye.

Sasa hapa ndipo pana kazi. Wengi wanaokuja kwetu imeili walifunguliwa na kijana wa saiba, paswadi anaijua yeye, na hiyo imeili ndiyo iko kwa eCitizen ya huduma za serikali na iTax ya kodi. Mama mzima na biashara yake hawezi kuingia kwa akaunti yake mwenyewe! Kwa hivyo somo letu la kwanza karibu kila mara ni kurudisha akaunti kwa mwenyewe, anaweka paswadi mpya, namba ya simu inakuwa yake, na msaidizi anaangalia kando mwenyewe akiiandika. Hiyo ya kuangalia kando usiidharau, ukimwonyesha mtu hutaki kujua siri yake anakuamini na wiki ijayo anakuja na jirani.

Sheria nyingine, msaidizi haruhusiwi kushika mausi ya mgeni. Anaelekeza kwa mdomo, hata kama itachukua dakika ishirini kupata risiti ya KRA ambayo imedaunlodiwa na haijulikani imeenda wapi, na kusema ukweli hiyo folda ya Downloads inastahili somo lake peke yake. Vijana wetu wanaumia sana kungoja lakini wamezoea. Na neno "ni rahisi tu" tumelipiga marufuku kabisa, kwa sababu mtu akishindwa na kitu umemwambia ni rahisi ananyamaza, haulizi tena.

Mabishano ya Windows na Linux, mifumo ya kuendesha kompyuta, wekeni mwisho, wageni wakishaenda. Najua yamechemka tangu Microsoft wafunge msaada wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, maana laptopu nyingi za mtumba za maduka ya Luthuli Avenue hazikubali Windows 11. Mgeni akiuliza muwashie Linux kutoka kwa fleshi bila kugusa diski yake, aone mwenyewe, aamue. Msimsukume.

Saa pia angalia. Mkikutana jioni katikati ya wiki akina mama hawaji, fea imepanda na giza limeingia. Sisi ni Jumamosi saa nane hadi saa kumi. Kama chumba ni shida ulizeni maktaba, McMillan iko na matawi Makadara na Kaloleni, si lazima mkodishe ofisi town. Ekstensheni za stima bebeni zenu.

Niambie mko na mashine ngapi na wasaidizi wangapi, kama wageni ni wengi kuliko wasaidizi kuna vile tunawapanga wawili wawili na inafanya kazi poa sana.